Mama Maria Hatoki Kwangu

Jumanne, 8 Oktoba

Naanza kuandika. Kija, mwanangu wa mwisho, kanitumia kwenye simu sauti ya mshauri mmoja anayefundisha watu kujiboresha. Anasema andika kila siku ulichofanya, utakuwa mtu mpya. Anasema pia upweke si ugonjwa, ni uamuzi. Kila mtu awajibike kwa furaha yake mwenyewe. Shule niliachia la nne, lakini hilo nimelielewa. Nisikae nalia. Nifanye kitu!

Tangu Kija aende kazini Mtwara nyumba imekuwa kubwa. Zamani ilikuwa ndogo, tulikuwa tunakanyagana. Hata baba yake alipofariki, bado kulikuwa na miguu ya watoto. Sasa nasonga ugali wa mtu mmoja. Ugali wa mtu mmoja hausongeki! Unazunguka tu kwenye sufuria kama umepotea njia. Naongea na kuku. Kuku mwenyewe ameanza kunikwepa.

Asubuhi nimesimama mbele ya kioo kama mshauri alivyoagiza. Nikasema kwa sauti: Mimi ni mshindi! Jirani akaniuliza toka ng'ambo ya ukuta nimeshinda nini. Nikamwambia bado.

Lakini jioni hii! Ni mwezi wa Rozari, na sanamu ya Mama Maria inatembezwa nyumba hadi nyumba kwenye jumuiya yetu hapa Buhongwa. Inalala kwa mtu, kesho yake jioni watu wanakuja kusali hapo, halafu wanaihamishia kwa mwingine kwa nyimbo na ngoma. Leo imefika kwangu. Imefika na watu! Wamejaa sebuleni mpaka mlangoni. Wengine wamekalia ndoo. Nimepigwa na viwiko vya watu ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Raha!

Walipoondoka nikabaki naye. Nikamwambia karibu Mgeni, jisikie nyumbani, Kija hajapiga simu tangu Jumamosi, sijui kama anakula. Hakunikwepa.

Kesho anatakiwa kuhamia kwa Mwalimu Prudencia, mwenyekiti wa jumuiya. Mwalimu mstaafu, mtu wa Bukoba, ana kapeti. Mwenye kapeti anahitaji nini tena?

Nimefanya uamuzi. Haendi.

Jumatano, 9 Oktoba

Mpango wa kwanza: mvua. Tangu mchana kulikuwa na wingu upande wa ziwani, jembamba, lakini wingu ni wingu.

Rozari ilipoisha Mzee Luhende, kiongozi wetu wa nyimbo, akashika ngoma tayari kwa maandamano. Nikasimama. Nikasema jamani, huyu Mama ni wa plasta, tone moja tu pua inaondoka. Mwalimu Prudencia akasema ana mwavuli. Nikamwamkia kwanza, maana heshima ni heshima, kisha nikamuuliza kama kweli Mama wa Mungu apite mtaani chini ya mwavuli wenye tangazo la saruji. Watu wakacheka. Mwalimu akajibu kwamba amefundisha jiografia maisha yake yote, na wingu lile linakwenda zake Sengerema.

Hakumaliza. Ngurumo! Mvua ikashuka kama imetumwa. Ikapiga bati mpaka hatukusikilizana. Wote wamekwama kwangu! Nimechemsha michembe, viazi vyetu vitamu vya kukausha, nikaleta na karanga, tumekula tukiimba. Mwalimu amechukua kipande kimoja kwa vidole viwili, kama anaokota kitu cha mtoto chini ya meza.

Mama Maria amebaki. Mshauri alisema ukichukua hatua, mbingu nazo zinachukua. Ushindi!

Alhamisi, 10 Oktoba

Anga safi. Hakuna hata wingu la kuazima.

Mpango wa pili: mila. Watu walipoanza kuinuka nikasema kwetu Usukumani mgeni wa heshima haondoki bila kuchinjiwa, na mimi nitaonekana mtu wa namna gani? Mwalimu akasema sanamu haili kuku. Nikasema wanaoisindikiza wanakula. Mzee Luhende, kwao Bujora kabisa, akaweka ngoma chini. Akasema mila ni mila.

Kuku amechukua muda kuiva, amekuwa mzee bila kuniambia. Alipoiva giza lilishaingia, na walipomaliza kula hakuna aliyeweza kutembea. Mzee Luhende kajaribu kuivaa ngoma, tumbo likakataa. Ikaamuliwa kesho.

Mwalimu peke yake hakula. Aliondoka mapema, akasema kuna vitu kaacha mezani kwake. Maringo tu.

Ushindi mwingine! Baada ya kuosha vyombo nimekwenda uani kumsimulia kuku.

Nilikuwa nimesahau.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mungu wangu. Mungu wangu. Ngoja niandike taratibu.

Asubuhi nilimwangalia Mgeni nikaona aibu. Amelala kwangu siku zote hizi na sijampa maji ya kuoga! Moshi wa mishumaa umempaka shavuni. Angekuwa shemeji yangu ningekuwa nimeshasemwa na ukoo mzima. Nikamtoa uani, maji ya uvuguvugu, sabuni ya unga. Moshi haukutoka. Nikachukua waya wa kusugulia sufuria.

Moshi umetoka. Jicho la kulia limetoka nalo. Nikasema nisawazishe, na la kushoto likatoka. Nilipojaribu kuuokoa mdomo ukaenda. Joho la bluu likahamia lote kwenye beseni. Nimebaki na Mama Maria mweupe pe, hana uso, kama yai.

Nimekaa chini nikatafakari kwa kuwajibika, kama mshauri anavyotaka. Kosa ni la aliyempaka. Rangi gani hiyo isiyovumilia waya? Sufuria zangu zinavumilia!

Jioni watu wamekuja wakakuta nimemfunika kitenge mpaka miguuni. Mwalimu Prudencia akauliza ni nini hicho, sanamu zinafunikwa wakati wa Kwaresima na sasa ni Oktoba. Nikajibu nimeweka nadhiri kwa ajili ya mwanangu aliye mbali, kitenge kisiguswe mpaka Jumapili. Sauti ilinitetemeka. Haikuwa uongo mtupu, mimi nikimtaja Kija hutetemeka siku zote. Akina mama wakanizunguka, wakamwombea Kija kwa nguvu mpaka nikatamani nijue anaumwa nini.

Wamerudi makwao, simu ikalia. Kija! Mtu kampelekea habari kwamba mama yake amefunika sanamu kwa kitenge. Akaniuliza mama, uko salama kichwani? Nikasema niko salama kabisa. Tumeongea mpaka sikio likapata moto. Anakula! Kapika maharage. Wiki nzima namwomba Mungu mwanangu apige simu, kumbe dawa ilikuwa waya wa sufuria.

Jumamosi, 12 Oktoba

Siku kubwa. Nimetatua kila kitu.

Rangi isiyotoka kwa maji ni ipi? Ya mtumbwi! Luchelele kuna Machibya, anapaka rangi mitumbwi ya wavuvi, namfahamu tangu anaanza. Lakini nitapitaje Buhongwa nzima na Mama Maria mkononi? Nimemfunga mgongoni kwa kanga, nikamfunika kichwa, nikatoka kama mama yeyote mwenye mtoto.

Wa bodaboda akauliza mtoto anaitwa nani. Nikasema Maria. Akasema mtulivu sana, wa kwake halali. Huko mbele tumesimama kwenye foleni, mama mmoja akampapasa kichwa, akashtuka, akasema dada, huyu mtoto amekakamaa, mkimbize kliniki! Nikamwambia ndiko tunakokwenda. Akamsihi yule wa bodaboda aongeze mwendo. Akaongeza. Nimefika Luchelele nimesali sala zote ninazozijua na nyingine nimetunga.

Machibya alipofungua kanga alimgeuza huku na huku. Akasema mayu, yaani mama, ulimfanya nini huyu? Nikamwambia sikuja kuhojiwa. Bluu anayo, nyekundu anayo, njano anayo. Rangi ya uso ya zamani hana, maana mitumbwi haina nyuso. Akachanganya kahawia. Kisha akasema macho hawezi kuyachora kutoka hewani, aangalie macho ya mtu. Watu wote wa ufukweni walikuwa wanaume wenye ndevu. Nikakaa mimi, juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nikainamisha shingo kwa utakatifu.

Uso umetoka mzuri, nimelia! Mgongo nikamwachia mwenyewe, jua lilikuwa zuri, nikasinzia. Nilipoamka Mgeni alishakauka, alishafungwa nailoni na kanga juu. Machibya akasema amemalizia vizuri kama anavyomalizia vyombo vyote. Nimemshukuru sana. Nyumbani nikamvua nailoni taratibu, nikamwegemeza ukutani haraka, nisije nikamwachia alama za vidole.

Amependeza. Anang'aa kama yuko tayari kwenda kuvua sato.

Jumapili, 13 Oktoba

USHINDI. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu ni mkubwa.

Jioni sebule imejaa, nimevuta kitenge nilichomrudishia jana. Halafu vigelegele! Bibi mmoja akaanguka magoti, akasema maisha yake yote alimwona Mama wa Mungu kama mtu wa mbali, leo amemwona kama mtu wa kwetu Magu. Mzee Luhende akatoa wimbo bila kuombwa. Watu wa jumuiya ya jirani wamesikia kelele wakaja, ikabidi tufungue madirisha ili walio nje nao wasali. Nyumba yangu imekuwa ndogo! Nimekanyagwa mguu mara nyingi. Nimefurahi kila mara.

Wakaniuliza kimetokea nini. Nikasema nilimwogesha. Ukweli kabisa.

Mwalimu Prudencia alisogea na miwani yake. Akamwangalia Mama Maria, akaniangalia mimi. Akamwangalia tena. Akasema Mama Kija, hayo macho nimeyaona mahali. Nikainamisha shingo, halafu nikakumbuka nisiinamishe. Akasema kesho ni sikukuu, hakuna kazi, Padre Muganyizi mwenyewe atakuja kuongoza maandamano mchana kweupe, na Mama Maria anahamia kwake, iwe mvua, iwe kuku, iwe nadhiri.

Watu wote wakamuunga mkono. Hao hao waliokula kuku wangu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimeishiwa mipango. Nimejaribu kuchechemea ili maandamano yaahirishwe. Padre akasema pole sana mama, basi wewe kaa nyuma, tembea taratibu.

Wamemweka juu ya kijukwaa, akina mama wanne wakambeba begani. Uso mbele, mgongo kwa watu. Sisi sote nyuma yake, tunaimba. Mimi ndio nilikuwa wa mwisho, nachechemea, kwa hiyo sikuona. Nilisikia tu. Wimbo ulianza kufa toka mbele kuja nyuma. Safu ya kwanza ikanyamaza, ya pili ikanyamaza, kisha mabega yakaanza kutikisika. Mzee Luhende, ambaye miwani yake ilivunjika zamani, akauliza kumeandikwa nini pale mgongoni. Mtu akamsomea. Barabara nzima imesikia.

WATASEMA MCHANA USIKU WATALALA.

Machibya! Amemalizia kama anavyomalizia mitumbwi yote, kwa maneno! Kwa njano, kuanzia bega mpaka bega, na samaki wawili chini yake!

Mzee Luhende akafikiri kidogo, akasema hilo nalo ni kweli. Hapo ndipo watu walipoanguka. Wenye bodaboda wakapiga honi. Mama muuza nyanya akapiga vigelegele, akasema mwambieni, mwambieni! Sijui aambiwe nani. Padre alikuwa anaangalia chini, amejifunika mdomo kwa kitabu cha sala.

Tumefika kwa Mwalimu Prudencia tukiwa hivyo, nusu tunasali nusu tunajishika mbavu. Nikaingia. Nikaacha kuchechemea.

Viti vilikuwa vimepangwa mistari. Vingi! Ameazima, vimeandikwa jina la mtu wa kukodisha. Meza ina kitambaa cheupe, na senene, wale panzi wa kukaanga wa kwao Bukoba, kwenye mabakuli yaliyofunikwa kwa sahani. Na maua. Maua yalikuwa yamenyauka mpaka yameinama. Hayakuwa ya leo. Yalikuwa ya Jumatano. Mwanamke huyu amepanga viti kila jioni, akaja kwangu, akarudi peke yake kuvipita.

Na redio ilikuwa inaongea chumbani ambako hakuna mtu. Naijua redio hiyo. Nami huiwasha hivyo ninapotoka, ili nikirudi nikute mtu anazungumza.

Mwalimu alikuwa amesimama pembeni ya kapeti, ameshika sahani tupu. Watu bado wanacheka. Padre akauliza nani anawajibika kwa jambo hili.

Lile neno! Kuwajibika! Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Nikasema ni mimi, Baba Padre. Nimemwogesha mimi, nimempeleka Luchelele mimi, nadhiri niliitunga mimi, na mguu hauumi. Ningeishia hapo ingekuwa vizuri. Nikaongeza kwamba sabuni nayo ina sehemu yake, na waya, na Machibya, na mtu yeyote anayetengeneza rangi dhaifu akaiuza kwa Wakristo.

Padre akageukia dirisha akakohoa kwa muda mrefu. Aliporudi akahukumu. Maneno yafutwe, samaki wabaki, maana mitume walikuwa wavuvi. Na Mama Maria akae kwa Mwalimu jioni zote alizokaa kwangu, na Mama Kija aje kila siku kusaidia kupokea wageni mpaka zamu iishe.

Kila siku! Kwenye nyumba yenye watu! Hiyo ndiyo adhabu!

Nimeinamisha kichwa kwa majuto, ili wasinione ninavyocheka. Kisha nikamfuata Mwalimu jikoni. Nikamwambia shikamoo. Akachelewa kuitikia. Nikamwambia Mwalimu, viti vyako vizuri, nisamehe maua. Akasema marahaba. Akasema pia senene zimekaa tangu Jumatano, sijui kama zinalika. Nimekula bakuli zima mbele yake. Nilikuwa sijawahi kula senene maishani. Nilifumba macho na kumwomba Mgeni. Kumbe tamu!

Jumamosi, 19 Oktoba

Wiki imeisha kama mkate wa moto mbele ya watoto. Kila asubuhi nakwenda kwa Mwalimu. Nafagia, yeye anapika, au anafagia, mimi napika na yeye ananisahihisha. Ananiita Getruda. Nilikuwa nimesahau kwamba ninalo jina. Watu wamejaa kila jioni, michembe yangu na senene zake kwenye sahani moja. Machibya mwenyewe alikuja kufuta maneno. Kafuta kwa huzuni, akakaa kusali rozari nzima, akaahidi kurudi.

Mwalimu kaniambia watoto wake wako Dar na ughaibuni, wanampigia siku za sikukuu. Nikampa ile sauti ya mshauri. Akasikiliza mpaka mwisho na miwani puani. Akasema huyu kijana anaishi na mama yake, anasikika akiitwa kula. Hatujaisikiliza tena.

Kija kapiga leo, ni mara ya tatu wiki hii. Kauliza mama, katika yote haya umejifunza nini? Nikamwambia mwanangu, nimejifunza mengi, nimekuwa mtu mpya kabisa, nimewajibika mbele ya padre na mashahidi. Akasema mama, sasa usirudie. Nikamwambia nirudie nini tena, mwanangu, na umri huu?

Jioni hii ndiyo ya mwisho. Baada ya rozari Mama Maria anahamia kwa Mzee Luhende, ambaye ana mke, watoto, wajukuu na ng'ombe.

Mchana tumekaa kibarazani, mimi na Mwalimu. Mgeni yuko ndani, anang'aa. Jua linawaka, mbuzi wamejibanza ukutani kutafuta kivuli. Toka Buhongwa mpaka ziwani hakuna wingu hata la ukubwa wa leso. Mwalimu Prudencia, aliyefundisha jiografia maisha yake yote, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaangalia mbingu muda mrefu. Akasema Getruda, mimi naona kama kuna dalili ya mvua.

Nimeinuka kwenda kuanua nguo. Mimi niliishia la nne, siwezi kubishana na mwalimu.